Yajue Maji Yako Kabla ya Kununua Chujio

Popote ulipo, iwe ni Kesses, Cheptiret, Tulwet, Tarakwa au huko kwenye mabweni ya Chuo Kikuu cha Moi, vuta kiti usikilize. Ukiwa na kalamu na karatasi, viweke karibu. Leo tunazungumza juu ya maji ya kunywa, na hasa juu ya swali ambalo watu wengi wanauliza siku hizi: ninunue kifaa gani cha kusafisha maji nyumbani kwangu?

Mara nyingi swali hili huanzia mwisho. Mtu anaingia dukani Eldoret, anaona vifaa vimepangwa kwenye rafu. Kimoja ni cha chuma kinachong'aa, kingine kina taa ya buluu, kingine kina mabomba matano. Anauliza bei, anapunguziwa kidogo, anabeba. Hakuna aliyemwuliza: maji yako yanatoka wapi? Na huenda fedha alizotoa zilikuwa za karo au za mbolea.

Daktari mzuri hampi mgonjwa dawa kabla ya kumpima. Maji nayo ni hivyo hivyo. Kifaa kinachofaa nyumba ya jirani yako chaweza kuwa bure kabisa kwako, kwa sababu yeye anakunywa maji ya mfereji na wewe unakunywa ya kisima. Kwa hiyo leo tutafuata mambo matatu kwa mpangilio: kwanza tuyajue maji, pili tuchague njia ya kuyasafisha, tatu tuyalinde mpaka yafike mdomoni.

MAJI MAANGAVU SI LAZIMA YAWE SALAMA

Ndani ya maji mna uchafu wa aina tatu. Wa kwanza ni ule unaoonekana: matope, majani, vumbi la paa. Huu unachukiza, lakini mara nyingi si wenyewe unaoua.

Wa pili ni viini vya magonjwa, na hivi havionekani kwa macho. Viini hivi viko katika makundi matatu. Kuna bakteria, wanaoleta homa ya matumbo na kipindupindu. Kuna virusi, ambao ni wadogo zaidi, kama wale wanaoharisha watoto wachanga na wale wa ugonjwa wa ini aina ya A. Halafu kuna vimelea kama amiba na giardia, ambao ni wakubwa kuliko bakteria lakini wana ganda gumu. Viini hivi vingi hutoka kwenye kinyesi cha watu au cha wanyama. Mvua ikinyesha, maji yanasomba kinyesi kutoka malishoni na vichakani mpaka mtoni.

Wa tatu ni kemikali zilizoyeyuka ndani ya maji: chumvi, madini ya chuma, floraidi, na pengine dawa za kunyunyizia mimea zinazotiririka kutoka mashamba ya ngano na mahindi.

Mbona tunasisitiza hivi? Kwa sababu kila kifaa kina uchafu kinaouweza na uchafu kisichouweza. Duniani, ugonjwa wa kuhara huua zaidi ya watoto 400,000 walio chini ya miaka 5 kila mwaka, na sehemu kubwa ya vifo hivyo ingezuilika kwa maji salama, choo na mikono safi. Kwa nyumba nyingi za huku kwetu, adui wa kwanza ni viini. Mtu anayenunua mtambo wa kuondoa chumvi ilhali shida yake ni viini vya kinyesi anaweza kumaliza akiba yake, na mtoto bado akaendelea kuhara.

MAJI YAKO YANATOKA WAPI?

Sasa, msikilizaji, hebu tupite chanzo kimoja baada ya kingine.

Tuanze na maji ya mfereji. Maji yanayosambazwa na kampuni ya ELDOWAS hutoka katika mabwawa kama Two Rivers, Ellegirini na Chebara. Hupitia mitambo ya kuyachuja, kisha hutiwa klorini. Yakitoka huko huwa salama. Hatari huingia njiani: bomba lililopasuka, mgao wa maji unaoacha mabomba matupu hadi yakafyonza uchafu wa nje, au tangi la ploti ambalo halijaoshwa tangu liwekwe. Ikiwa unatumia maji haya, huhitaji mtambo mkubwa. Osha tangi, weka kifuniko, na utumie njia moja rahisi ya kuua viini.

Pili ni kisima cha kuchimbwa kwa mkono. Maji yake huwa maangavu na baridi, nayo humfanya mtu asiwe na shaka. Lakini tazama choo cha shimo kiko wapi. Choo kinatakiwa kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani, nacho kiwe upande wa chini wa mteremko. Katika ploti ndogo zilizo karibu na chuo, ambapo vyumba vya kupanga vimejengwa kwa kusongamana, umbali huo haupatikani kwa urahisi. Maji ya kisima cha namna hiyo yahesabu kuwa yana viini, hata kama yanameremeta kama kioo.

Tatu ni mto, kijito au bwawa, kama lile Bwawa la Kesses. Hapa ng'ombe hunywa, watoto huogelea, na mvua huingiza tope. Maji haya yana matope na viini kwa pamoja. Lazima yashughulikiwe mara mbili: kwanza kuondoa tope, kisha kuua viini.

Nne ni maji ya mvua kutoka paa la mabati. Haya ni mazuri na hayana chumvi. Lakini paa hubeba vumbi na mavi ya ndege. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache imwagike mpaka paa lioshwe, ndipo uelekeze maji kwenye tangi. Hata hivyo, ya kunywa yatie dawa au uyachemshe.

Tano ni maji ya kisima kirefu kilichochimbwa kwa mashine. Huwa na viini vichache, lakini hapa ndipo suala la kemikali linapoingia. Katika Bonde la Ufa, sehemu za Nakuru, Naivasha na Elementaita, visima vingi vina floraidi nyingi, ile inayogeuza meno ya watoto kuwa ya kahawia na ikizidi sana huharibu mifupa. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Usidhani kisima chako kinacho au hakina. Kabla ya kukitumia, peleka maji maabara yapimwe. Ofisi ya afya ya umma ya kaunti ndogo itakuelekeza pa kuyapeleka. Gharama ya kipimo kimoja ni ndogo kuliko ya mtambo usiouhitaji.

NJIA ZA KUSAFISHA NA UWEZO WAKE

Sasa tuje kwenye vifaa na njia zenyewe. Chukua kalamu.

Kuchemsha. Hii ndiyo njia ya zamani, nayo huua viini vyote: bakteria, virusi na vimelea. Lakini sisi wa huku juu tuna jambo letu la kukumbuka. Kesses iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mahali palipoinuka hivi, maji huchemka yakiwa na joto la nyuzi 93 hivi, wala hayafiki 100 kama kule Mombasa. Ndiyo maana maharagwe na githeri huchukua muda mrefu kuiva huku kwetu. Joto la nyuzi 93 linatosha kuua viini, lakini kwa usalama acha maji yatokote kwa dakika 3 kamili kabla ya kuepua. Ukitumia birika la umeme linalojizima lenyewe, usilifunue. Acha maji yapoe ndani yake, kwa kuwa joto linaendelea kufanya kazi. Ubaya wa kuchemsha ni kuni, gesi, moshi na muda. Tena kuchemsha hakuondoi kemikali. Floraidi na chumvi huongezeka makali maji yanapopungua kwa mvuke.

Klorini. Hii ni dawa ya maji, ya vidonge au ya chupa kama WaterGuard, inayopatikana katika maduka ya kawaida na ya dawa. Kidonge cha miligramu 67 ni cha mtungi wa lita 20. Tia, funika, tikisa, ngoja dakika 30. Ikiwa ni dawa ya chupa, pima kwa kifuniko kama ilivyoandikwa. Klorini ina sifa ambayo njia nyingine nyingi hazina: hubaki ndani ya maji na kuyalinda kwa muda, hata mkono mchafu ukiyagusa. Ni ya bei ya chini, na haihitaji stima. Udhaifu wake ni mbili. Kwanza, tope huimeza dawa, kwa hiyo maji machafu yaache yatulie, yachuje kwa kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara kadhaa, ndipo utie dawa, tena mara mbili ya kipimo cha kawaida. Pili, kuna vimelea wenye ganda gumu, hasa aina iitwayo kriptosporidia, ambao klorini haiwaui. Watu wenye kinga dhaifu ya mwili, kama vile wanaoishi na virusi vya ukimwi au wanaotibiwa saratani, waongeze kuchemsha au kuchuja.

Kuna pia pakiti ya unga wa gramu 4 kwa lita 10 za maji, inayokusanya tope liketi chini na papo hapo kuua viini. Unakoroga dakika 5, unaacha tope litulie, unachuja kwa kitambaa, kisha unangoja dakika 20. Unga huu ulijaribiwa katika nyumba za vijijini Magharibi mwa Kenya, ambako maji ni ya tope, na matokeo yakachapishwa mwaka 2005 yakionyesha kuwa kuhara kulipungua. Kwa wanaochota bwawani au mtoni, ni msaada mkubwa.

Chujio la udongo wa kuchomwa. Hili huwa ni chungu kizima, au ndoo mbili zilizopandana na kati yake kipande cha udongo chenye umbo la mshumaa. Maji hupenya polepole kwenye vitundu vidogo mno. Tope, vimelea na bakteria wengi hubaki nyuma. Virusi ni wadogo sana, na wengi wao hupita. Chujio hili halihitaji stima wala kuni, na maji yake huwa baridi na matamu. Lakini likipata ufa, hata mwembamba kama unywele, kazi yake imekwisha. Kipande hicho huoshwa kwa brashi laini na maji safi, bila sabuni.

Chujio la mirija. Ndani yake mna mirija myembamba sana yenye vitundu vidogo mno. Vifaa bora vya aina hii huzuia bakteria, vimelea na virusi pia, bila stima. Sharti lake ni kuoshwa kwa kusukuma maji kinyumenyume kila siku, kama mwongozo unavyosema. Usipofanya hivyo huziba.

Jua. Chupa ya plastiki angavu ya lita 2 au chini, iliyojaa maji yasiyo na tope, ikilazwa juani saa 6, miale ya jua huua viini. Njia hii ilijaribiwa kwa watoto wa Kimaasai hapa Kenya miaka ya 1990, ikapunguza kuhara. Lakini huku kwetu miezi ya Juni hadi Agosti huwa ya mawingu na mvua. Siku za mawingu chupa ziache nje siku 2. Ikinyesha mfululizo, tumia njia nyingine.

Taa ya miale ya UV. Miale hii huua makundi yote matatu ya viini kwa sekunde chache. Ila maji yawe maangavu, taa ibadilishwe kwa wakati, na stima iwepo. Katika kijiji ambacho stima hupotea mara kwa mara, siku ya giza utakunywa nini?

Mtambo wa RO. Huu husukuma maji kwa nguvu kupitia utando mwembamba kabisa. Unaondoa chumvi, floraidi na viini vilevile. Ni mzuri panapokuwa na kemikali. Lakini ni ghali, mwingi wake unataka stima na maji ya mfereji yenye nguvu, na humwaga maji mengi: kwa kila lita 1 unayokunywa, lita 2 au 3 au zaidi huenda na taka. Nyumba inayobeba maji kwa kichwa au kwa punda isiufikirie kabla ya kipimo cha maabara kusema unahitajika.

Makaa maalumu. Sisi wa huku tunaijua kazi ya makaa. Sotet haitiwi maziwa ya mursik kabla ya kusuguliwa kwa makaa ya senetwet. Ndani ya machujio mengi ya dukani mna makaa yaliyotengenezwa kiwandani. Huondoa harufu, ladha mbaya na baadhi ya kemikali za dawa za mimea. Lakini makaa peke yake hayaui viini. Tena huondoa klorini, kwa hiyo maji yaliyopita humo hayana tena ulinzi, na makaa yakikaa bila kubadilishwa bakteria huzaliana ndani yake.

MANENO YA MUUZAJI

Msikilizaji, biashara ni biashara, na muuzaji anatafuta riziki yake. Nawe tafuta yako kwa kuuliza.

Akikuambia kifaa huondoa viini kwa asilimia 99, fanya hesabu. Kama maji yalikuwa na viini 10,000, vitabaki 100. Kikiwa cha asilimia 99.99, kitabaki kimoja. Tarakimu mbili baada ya nukta zina maana kubwa. Kisha uliza: ni viini vipi? Bakteria tu, au na virusi? Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa kuvipima vifaa vya nyumbani na kuvipa nyota. Chenye nyota 3 au 2 hukinga dhidi ya makundi yote matatu. Chenye nyota 1 hukinga dhidi ya mawili tu, hivyo huhitaji kusaidiwa na njia nyingine. Tazama pia alama ya ubora ya KEBS, na tarehe ya mwisho ya matumizi kama ni dawa.

Kuna mchezo mmoja unaowatisha wanunuzi. Mchuuzi anatumbukiza vyuma vyenye umeme kwenye glasi ya maji ya mfereji, na kwa dakika chache maji yanakuwa ya kahawia na povu. Kisha anafanya hivyo kwa maji ya mtambo wake, nayo yanabaki meupe. Mama anashtuka, anatoa pesa. Ukweli ni kwamba ile rangi ni kutu ya vyuma vyenyewe. Maji yenye madini kidogo hupitisha umeme, na chuma huliwa. Maji yaliyoondolewa madini hayapitishi umeme vizuri. Jaribio hilo halionyeshi kiini hata kimoja. Hata kile kipimo kidogo kinachotoa namba za TDS huhesabu chumvi zilizoyeyuka tu. Maji ya bwawa yaliyojaa viini vya kipindupindu yanaweza kupata namba nzuri.

GHARAMA YA KWELI

Bei ya dukani ni mwanzo tu. Uliza kile kipande cha ndani hudumu muda gani, kingine kinauzwa wapi, na kwa bei gani. Tuseme chujio moja ni shilingi 3,000 na kipande chake cha shilingi 1,000 hubadilishwa kila miezi 6. Mwaka wa kwanza umetumia 4,000, na kila mwaka unaofuata 2,000. Jingine ni shilingi 2,000, lakini kipande chake cha 800 hubadilishwa kila miezi 2. Mwaka wa kwanza limekula 6,000. Rahisi imekuwa ghali. Na kama vipuri havipatikani Eldoret, hilo usilinunue.

Jiulize pia: nani atalihudumia kila siku? Mwaka 2011 karibu machujio 900,000 ya mirija yaligawiwa bure katika nyumba za Magharibi mwa Kenya. Yalikuwa machujio mazuri. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta kwamba, miaka 2 hadi 3 baada ya kugawiwa, ni takriban nyumba 1 kati ya 5 zilizokuwa bado zikiyatumia. Chujio lililoning'inia ukutani halimkingi mtoto. Afadhali kidonge cha kila siku kuliko mtambo wa siku moja.

LINDA MAJI YALIYOKWISHA SAFISHWA

Kazi yote hii yaweza kuharibiwa na kikombe kimoja. Ukiyachemsha maji, kisha mtoto akachovya kikombe na vidole visivyonawiwa, umerudi ulikoanza. Weka maji katika chombo chenye mdomo mwembamba na kifuniko, kama mtungi, au ndoo yenye bomba dogo chini. Huko Nyanza mafundi wa vyungu walitengeneza chungu cha asili chenye mdomo mwembamba, kifuniko na bomba, ili akina mama wapate maji baridi wasiyoweza kuyachovya. Chombo cha maji machafu na cha maji safi visichanganywe. Mtungi uoshwe kila juma. Na maji ya kusuuza sotet, kuosha matunda na kupigia mswaki yawe ni yale yale salama.

MASWALI YENU

Swali linaloulizwa sana ni hili: Wazee wetu walikunywa maji ya kijito hiki na wakaishi miaka mingi, mbona sisi tuhangaike? Tunawaheshimu wazee, lakini watoto waliokufa utotoni kwa kuhara hawapo leo kutoa ushahidi. Tena siku hizo watu, mifugo na vyoo vilivyo juu ya kijito vilikuwa vichache.

Swali la pili: Maji yenye klorini yananuka, je, hayadhuru? Kwa kipimo kilichoandikwa hayadhuru, hata kwa mama mjamzito. Harufu hupungua ukiacha maji wazi kidogo kwenye glasi safi. Lakini usijipimie dawa ya kufulia nguo nyumbani. Kama hakuna dawa ya maji, mwone afisa wa afya ya umma.

Swali la tatu: Nimpe mtoto mchanga maji ya chujio gani? Mtoto aliye chini ya miezi 6 hahitaji maji kabisa. Maziwa ya mama yanamtosha, hata siku ya jua kali. Na mtoto wa umri wowote akiharisha, mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti, ORS, na umpeleke kituo cha afya akapewe pia vidonge vya zinki. Usingoje. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

KWA UFUPI

Basi, msikilizaji, andika haya. Maji ya mfereji: osha tangi, tia klorini au chemsha. Kisima kifupi na maji ya mvua: klorini, kuchemsha, au chujio bora pamoja na klorini. Mto na bwawa: ondoa tope kwanza, kisha klorini au kuchemsha, au pakiti ya unga inayofanya yote mawili. Kisima kirefu: pima kwanza maabara, na mtambo wa RO ununue tu iwapo kipimo kimesema. Kwa kila mmoja: chombo chenye kifuniko, na mikono iliyonawiwa kwa sabuni.

Kesho ukienda dukani, usianze na swali la bei. Mwambie muuzaji maji yako yanatoka wapi, kisha umwache akueleze kifaa chake kinaondoa nini na kinaacha nini. Akishindwa kukujibu, rudi nyumbani na fedha zako, upitie dukani ununue vidonge vya klorini, na leo usiku watoto wako walale wakiwa wamekunywa maji salama.

Kama una shaka juu ya kisima chako, zungumza na mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako au afisa wa afya ya umma.